Mwalimu wa kuchora aliyezipa rangi namba, na udongo wa Kwale

Leo hakuna PHP wala hifadhidata. Waliokuja kutafuta mambo hayo wavumilie kidogo, maana hili ninalotaka kuandika limekuwa likinisumbua tangu nilipoanza kutengeneza programu za Kiswahili: rangi. Si rangi za kupambia tovuti, la. Majina yake. Yeyote aliyewahi kutafsiri programu anaijua ile orodha ndogo inayoshuka ukibonyeza, yenye miraba ya rangi na jina kando ya kila mraba. Nyekundu, sawa. Nyeusi, sawa. Nyeupe, sawa. Halafu unaanza kukuna kichwa. Kijani au chanikiwiti? Buluu, samawati au nili? Ile iliyo kati ya nyekundu na manjano tuiite ya machungwa? Na zile nyingine zote za chini je?

Tatizo hili si letu peke yetu, wala si la kompyuta peke yake. Kuna mwalimu mmoja wa kuchora kule Boston aliyelihangaikia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jibu lake, kwa njia ndefu yenye kona nyingi, limeingia katika hesabu za rangi ambazo sisi waandishi wa programu huzitumia kila siku bila kujua zilikotoka. Cha ajabu ni kwamba njia hiyo inapita Kwale zaidi ya mara moja. Hebu twende polepole.

Jina lake ni Albert Henry Munsell. Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1858. Akasoma katika Massachusetts Normal Art School, chuo cha kuandaa walimu wa sanaa, na mwaka 1881 akaanza kufundisha palepale. Katikati alikwenda Paris kujiongezea ujuzi, akarudi, akashika chaki tena mpaka 1915. Alichora picha za watu na za bahari. Lakini angebaki mchoraji tu, leo nisingekuwa na haja ya kumtaja.

Shida yake ilikuwa ya darasani, na kila mwalimu anaijua. Unamwambia mwanafunzi: tia buluu kidogo hapo, lakini isiwe kali. Isiwe kali kiasi gani? Buluu ipi? Ya bahari ya asubuhi au ya jioni? Mwalimu wa muziki hana shida hiyo. Anaandika noti kwenye karatasi, na mtoto aliye mji mwingine, asiyemjua wala kumwona, anapiga wimbo uleule. Munsell alitaka rangi nayo iandikwe hivyo. Alichukizwa na majina ya rangi yaliyokuwa yakitumika, yale ya kuazima kutoka kwenye matunda, maua, mawe na wanyama, kwa sababu kila mtu analisikia jina na kuona kitu chake. Hata lile neno la Kiingereza linalotokana na tunda la chungwa alilikataa. Katika mfumo wake rangi hiyo inaitwa nyekundu-manjano, basi. (Kumbukeni jambo hili, nitalirudia, kwa sababu kwa kipimo hicho Kiswahili tungefelishwa karibu chote.)

Jibu lake ni kwamba rangi si kitu kimoja, ni vitu vitatu. Tuchukue leso tuone. Swali la kwanza: ni rangi ya aina gani, nyekundu, manjano, kijani? La pili: ina mwanga kiasi gani, yaani ukiipiga picha ile ya zamani isiyo na rangi, itatoka karibu na nyeupe au karibu na nyeusi? La tatu ndilo watu wengi hulisahau: imekolea kiasi gani? Leso mpya na leso iliyofuliwa na kuanikwa juani mwaka mzima zaweza kuwa za aina moja na mwanga usiotofautiana sana, lakini moja imekolea na nyingine imepauka. Angalieni jinsi Kiswahili kilivyojaa hapo: kukolea, kufifia, kupauka, kuchuja. Mwanamke wa Ukunda anayenunua leso haulizi tu ni ya rangi gani, anauliza kama itachuja. Sehemu hiyo ya tatu ya Munsell, ambayo wanafunzi wa vyuo huitolea jasho, sisi tunayo jikoni na kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Baada ya hapo ni kuandika tu. Aina inaandikwa kwa herufi na namba, kisha mwanga kutoka 0 (nyeusi kamili) mpaka 10 (nyeupe kamili), kisha mkwaju, kisha ukolevu. Kwa mfano 5R 4/12 ni nyekundu ya katikati, yenye mwanga wa chini kidogo ya nusu, iliyokolea sana. 5R 4/2 ni ndugu yake aliyekaa juani mpaka akakaribia kijivu. Mtu wa Tokyo na mtu wa Lunga Lunga wakiwa na kitabu kilekile, wanazungumzia kitu kilekile.

Aina kuu alizipanga tano kwenye duara: nyekundu, manjano, kijani, buluu na zambarau. Kati ya kila mbili akaweka moja, zikawa kumi. Kisha kila moja ya hizo kumi akaigawa kumi, zikawa mia. Kwa nini tano na si tatu tulizofundishwa? Sisi tuliosoma 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985, tuliimba kwenye somo la sanaa na ufundi kwamba rangi za msingi ni tatu, nyekundu, manjano na buluu, na nyingine zote huzaliwa humo. Mwenye kiwanda cha kuchapisha atakwambia ni tatu lakini si hizo. Skrini yako nayo itakwambia ni tatu, tena nyingine kabisa: nyekundu, kijani na buluu. Munsell hakuwa akiuliza rangi ipi huzaa ipi. Alikuwa akiuliza jicho linaona umbali gani kati ya hii na ile, na kwa swali hilo tano zilimfaa, tena zikampa hesabu ya makumi ambayo ni rahisi kuandika.

Na sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwanzoni Munsell alitaka rangi zote zikae ndani ya tufe, mpira mzuri wa mviringo: nyeupe juu, nyeusi chini, duara la rangi katikati. Mwaka 1900 akapata hataza ya tufe hilo. Zuri, linapendeza, unaweza kuliweka mezani mbele ya watoto. Akaendelea kupima. Alijitengenezea kifaa cha kupimia mwanga, chenye tundu linalofunguka na kufunga kama jicho la paka. Ukolevu aliupima kwa visahani vya rangi vinavyozungushwa kwa kasi mpaka jicho linazichanganya, mbinu aliyoitumia James Clerk Maxwell tangu miaka ya 1850. Ukizungusha nyekundu na ile kijani-buluu iliyo kinyume chake kwa vipimo vinavyolingana, unapata kijivu. Moja ikizidi nguvu, kijivu kinaegemea upande wake, na kwa kubadilisha ukubwa wa vipande unajua moja imeizidi nyingine mara ngapi.

Vipimo vikalikataa tufe. Manjano hufikia ukolevu wake mkubwa juu kabisa, karibu na nyeupe. Buluu-zambarau hufikia chini, karibu na nyeusi. Nyekundu inakwenda mbali sana kutoka katikati, kijani-buluu inaishia njiani. Umbo linalotoka si mpira, ni kama mti uliokua upande upepo ulikouruhusu: tawi refu huku, fupi kule, jingine juu, jingine chini. Munsell akaukubali mti. Ukolevu akauacha bila kikomo, ili wakitokea watu wenye rangi kali zaidi waongeze tawi bila kuvunja mfumo. Jamani, ni waandishi wangapi wa programu unaowajua ambao wangetupa muundo waliokwisha kuupatia hataza kwa sababu data imekataa?

Kitabu chake, A Color Notation, kilitoka 1905. Atlasi kamili ikafuata 1915, kampuni ikaanzishwa 1917, na mwaka 1918 akafariki. Kitabu kikubwa cha vipande vya rangi kilitolewa 1929 na waliobaki.

Kabla hatujahama, jaribio ambalo bibi zetu walilifanya bila kusoma Munsell. Kanzu nyeupe ikikaa huwa na umanjano. Dawa yake ni ile buluu ya unga ya kufulia, unatia kidogo kwenye maji ya kusuuzia na kanzu inatoka nyeupe pepepe. Kwa nini buluu, si nyeupe? Tazama duara: kinyume cha manjano kwa Munsell si zambarau tupu tuliyofundishwa shuleni, ni zambarau-buluu, na ndipo buluu ya kufulia ilipo. Rangi mbili zinazokabiliana zinauana na kuacha kijivu chepesi sana, na jicho linakubali kijivu hicho kuwa ni weupe kuliko umanjano ule wa kwanza. Kanzu imepoteza mwanga kidogo, lakini imepoteza ukolevu zaidi.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na mzee huyu. Munsell aliona rangi kali kama kelele. Watoto aliwataka waanze na rangi za katikati, za upole, na alifundisha kwamba rangi iliyokolea ipewe eneo dogo, iliyopauka ipewe kubwa, mpaka picha nzima ikichanganywa itoe kijivu. Kwa ukuta wa sebule ya Boston, pengine. Lakini leso! Pindo nyekundu kali, mji wa manjano kali, maandishi meusi katikati. Ukiizungusha leso ile kwenye kisahani chake haitoki kijivu ng'o. Leso inatakiwa isomwe kutoka ng'ambo ya barabara na jirani uliyemkusudia. Kelele ndiyo kazi yake.

Haya, Kwale sasa. Kampuni ya Munsell iliajiri mwaka 1921 mwanamke mmoja, Dorothy Nickerson, ambaye baadaye (1927) alihamia Wizara ya Kilimo ya Marekani. Huko kulikuwa na pamba, nyasi kavu na mazao mengine ambayo bei yake inategemea rangi, na wakulima na wanunuzi walikuwa wakigombana kama wafanyavyo kila mahali. Vipande vya Munsell vikawa msuluhishi. Kutoka kwenye mazao vikaingia kwenye udongo, na kufikia katikati ya karne iliyopita kijitabu cha rangi za udongo kilikuwa kwenye mfuko wa kila mpima udongo. Ni kurasa chache tu, kwa sababu udongo haupendi buluu: unakaa kati ya nyekundu na manjano. Unachukua donge bichi, unaliweka nyuma ya tundu la ukurasa, unatafuta kipande kinachofanana, unaandika. 2.5YR 4/6, nyekundu. 10YR 8/1, nyeupe.

Namba hizo si mapambo. Wekundu unatokana na chuma kilichooza vizuri mahali penye hewa, maji yakipita bila kusimama. Manjano ni chuma hichohicho katika hali nyingine, yenye unyevu zaidi. Kijivu chenye madoadoa ni ishara kwamba maji husimama hapo sehemu ya mwaka hata kama umefika wakati wa kiangazi na pamekauka kabisa: usichimbe choo hapo. Weusi mara nyingi ni mboji. Mtu mwenye kijitabu anasoma kwenye ukuta wa shimo mambo ambayo mwenye shamba ameyajua kwa miaka arobaini, tofauti ni kwamba sasa yanaweza kuandikwa na kusafirishwa.

Kenya Soil Survey ilianzishwa 1972, na mwaka 1978 ikatoa ripoti ya udongo wa eneo la Kwale, Mombasa na Lunga Lunga. Eneo hili limeumbwa kwa ajili ya kazi hiyo. Simama Diani, una mchanga mweupe na miamba ya matumbawe. Geuka uelekee bara: unavuka michanga iliyofifia, halafu unakutana na michanga myekundu ambayo wanajiolojia wanaiita ya Magarini, halafu ardhi inapanda kwenye mawe-mchanga ya Shimba Hills. Safari ya saa moja kwa matatu na umepita kurasa kadhaa za kile kijitabu.

Kwenye milima hiyohiyo, karibu na mji wa Kwale, Robert Soper alichimba vyungu ambavyo vimeupa jina mji wetu duniani kote kwa wanaakiolojia. Makala yake ilitoka 1967 katika jarida la Azania. Ni vyungu vya wafua chuma wa mapema, wa karne za mwanzo baada ya Kristo, vyenye kingo zilizokatwa pembe na mifereji, na aina hiyo ilikutwa pia Usambara na Upare. Hadi leo mwanafunzi wa akiolojia anayeshika kigae huandika rangi ya udongo wake kwa namba za yule mwalimu wa Boston, kwa sababu rangi inaeleza moto: palipopata hewa pamekuwa pekundu, palipokosa hewa pamebaki peusi, na kigae kimoja chaweza kuwa na vyote viwili kama sandwichi.

Nikifika hapa mtu ataniuliza: na sisi huku tulikuwa na mwalimu wetu? Tulikuwa naye, ila alielekea upande mwingine. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Kampala, mwaka 1937, na kati ya wanafunzi wake wametoka Gregory Maloba wa Kenya na Sam Ntiro wa Tanganyika. Trowell hakutaka kuwamiminia wanafunzi nadharia za Ulaya. Aliwasimulia jambo, wakaliona akilini, wakachora. Nadharia na historia ya sanaa ya Magharibi ziliingia kwa nguvu baada ya yeye kuondoka 1958, chini ya Cecil Todd. Watu wanabishana mpaka leo nani kati yao alikuwa sahihi. Mimi si mchoraji, nawaachia wenyewe.

Kinachonihusu zaidi ni kilichotokea 1969. Wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Brent Berlin na Paul Kay, walichukua vipande 329 vya Munsell, wakawaonyesha wasemaji wa lugha 20 na kuwauliza: hiki mnakiitaje? Kiswahili kilikuwa kimojawapo cha lugha hizo 20. Ndiyo, kilikuwamo tangu mwanzo. Matokeo yao yaliitikisa dunia ya isimu: walisema lugha huongeza majina ya rangi kwa mpangilio unaofanana. Kwanza nyeusi na nyeupe. Ya tatu, nyekundu. Kisha kijani au manjano, kisha buluu, kisha kahawia, na mwishoni kundi la zambarau, waridi, chungwa na kijivu.

Kwa Kiswahili mwanzo wa orodha hiyo unapendeza mno. Rangi zetu zenye mzizi wa kivumishi, zinazokubali viambishi bila kusaidiwa, ni tatu: -eusi, -eupe, -ekundu. Jiwe jeusi, nguo nyeupe, mlango mwekundu. Nyingine zote lazima zishike mkono wa "-a". Ni tatu hizohizo za kisutu, leso ya harusi. Mgeni akiingia Kaya Kinondo, hapa Diani, anafungwa kaniki nyeusi kwanza. Hata maneno yetu ya kukazia yako huko: nyeusi tititi, nyeupe pepepe. Munsell angehitaji namba, sisi tunarudia silabi.

Lakini kuna mambo mawili yananikera. La kwanza: wasemaji wa lugha zile 20, isipokuwa wachache, walikuwa watu wanaoishi karibu na San Francisco na wanaojua Kiingereza. Ramani ya rangi za Kiswahili iliyonukuliwa kwenye vitabu haikuchorwa Vanga wala Lamu. Baadaye wenyewe waliona udhaifu huo, na kuanzia 1976 wakafanya uchunguzi mkubwa wa lugha 110 zisizo na maandishi, kwa wasemaji wanaozungumza kwao.

La pili ni kanuni. Walisema neno likiwa ni jina la kitu chenye rangi hiyo, litiliwe shaka kama neno la msingi. Sasa hesabu yetu: kijani, majani. Manjano, yale ya jikoni. Kahawia, kahawa. Kijivu, majivu. Zambarau, tunda linalowatia watoto ulimi mweusi. Waridi, ua. Samawati, mbingu kwa Kiarabu. Wote mtuhumiwa! Na Kiingereza kikapewa maneno ya msingi 11 pamoja na lile la chungwa, tunda lilelile ambalo Munsell alilikatalia mlangoni. Wao walikuwa na sababu zao, kwamba limeshatimiza masharti mengine. Lakini nani aliyekaa na wasemaji wa Kwale akauliza kama kahawia bado ni kahawa kichwani mwao, au imeshakuwa rangi tu? Mtoto anayesema "viatu vya kahawia" hafikirii buni.

Kwa lugha ya kazi yangu: Munsell anahifadhi thamani yenyewe, Kiswahili kinahifadhi kielekezi. "Rangi ya" ni kama fanksheni inayopokea kitu chochote. Rangi ya maziwa, rangi ya kutu, rangi ya maji ya kunde, rangi ya damu ya mzee. Uzuri wake ni kwamba haina mwisho, huhitaji kamati ya istilahi. Ubaya wake waandishi wa programu wanaujua: kitu kinachoelekezwa kikibadilika, rangi imebadilika nacho (majani ya Februari si majani ya Mei), na asiyewahi kuona zambarau mtini ana kielekezi kisichoelekeza popote. Wazungumzaji wetu wengi sasa wako Nairobi, Muscat na Minneapolis. Kaulizeni huko zambarau ni tunda gani.

Wala tusifikiri wenye kompyuta walifanya vizuri zaidi. Majina ya rangi unayoruhusiwa kuandika kwenye CSS, karibu 150, yalirithiwa kwa sehemu kubwa kutoka mfumo wa X11 wa miaka ya 1980, na humo mna papayawhip na peru. Hakuna aliyecheka. Na ule mfumo wa HSV ulioandikwa na Alvy Ray Smith mwaka 1978, wenye aina, ukolevu na mwanga, unaonekana kama Munsell kwa umbo lakini haukupimwa kwa jicho: ni hesabu za haraka juu ya RGB, kwa kompyuta za wakati ule. Kwake manjano kamili na buluu kamili zina mwanga sawa, asilimia 100. Jaribu kuandika maandishi ya manjano juu ya ukurasa mweupe uone. Uwiano wa utofauti ni 1.07 kwa 1, hakuna asomaye. Buluu juu ya nyeupe ni zaidi ya 8 kwa 1.

Munsell alirudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1943 wanasayansi walivipima upya vipande vyake na kuviunganisha na vipimo vya CIE vya 1931. Mwaka 1976 ikaja CIELAB, ambayo mwanga wake, L*, ukigawanya kwa kumi unapata karibu namba ileile ya Munsell. Hapo ukweli unaonekana: manjano ya skrini ni 97, buluu ni 32. Mti, si mpira. Na tangu Björn Ottosson atoe Oklab mwishoni mwa 2020, vivinjari vikubwa vimeikubali, kwa hiyo leo unaweza kuandika oklch kwenye CSS yako: mwanga, ukolevu, aina. Ni vitu vitatu vilevile, mpangilio tu umebadilika. Ukitaka rangi kumi za grafu zinazoonekana zina uzito sawa, shika mwanga na ukolevu mahali pamoja na zungusha aina. Ukiona moja haikubali kukolea kama wenzake, usishangae: umefika mwisho wa tawi.

Limebaki tawi moja, la juu kabisa: nyeupe. Mwanga wa 10 kwenye ngazi ya Munsell ni wa kinadharia, hakuna rangi ya kupaka inayoufikia. Alipokuwa hai wachoraji walitumia nyeupe ya risasi, yenye sumu, au ya zinki. Alipofariki 1918 ndipo viwanda vya Norway na Marekani vilikuwa vinaanza kutengeneza nyeupe ya titani, ambayo hupinda mwanga kuliko almasi na sasa imo kwenye rangi za ukuta, plastiki, karatasi na dawa ya meno. Titani hiyo inatoka kwenye mchanga mzito, na kati ya mwisho wa 2013 na Desemba 2024 sehemu ya mchanga wa dunia ilichimbwa hapa, Msambweni, kwenye yale matuta mekundu ya Magarini niliyoyataja. Watu wa Nguluku na Maumba walihamishwa kwa ajili yake. Base Titanium ilikuwa mgodi mkubwa kuliko yote nchini, ikisafirisha ilmenaiti, rutile na zirkoni kupitia gati lake la Likoni. Wengi waliokuja kuangalia walitegemea kuona kitu cheupe. Ilmenaiti ni nyeusi tititi, inashikwa na sumaku. Rutile ni kahawia iliyoiva kuelekea wekundu. Weupe unatolewa baadaye kwa asidi au klorini, na hatua hiyo haikufanyika Kenya hata siku moja. Meli ziliondoka Likoni zimebeba mchanga ulio chini ya ngazi, na weupe wake uliuzwa kwingine. Rangi ya ukuta tuliyoinunua Ukunda miaka hiyo, kwenye mkebe, bei yake mnaijua.